Kwa mwanangu, sapota wa Mazembe

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani, sote wazima. Dada yako ameniambia kwamba tangu Lupopo, wapinzani wetu wa mpira hapa Lubumbashi, waifunge Mazembe yetu, husemi na yule rafiki yako mnayepanga naye chumba kimoja huko Kolwezi, kwa sababu ni mtu wa Lupopo. Habari hiyo imenikaa moyoni.

Sikuambii uache Mazembe. Babu yako alikuwa kijana wakati Mazembe, enzi hizo wakiitwa Englebert, walipochukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968, na hakuchoka kutusimulia. Mwaka 2010 tulipowapiga Internacional wa Brazili 2-0, tukawa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya klabu za dunia, nilicheza barabarani pamoja na wanawake wa Lupopo waliotoka kushangilia nasi. Fainali Inter Milan wakatufunga 3-0. Hakuna aliyemnunia jirani yake.

Sasa nikueleze habari ya mama wa nyumba ya mbele. Unajua mume wake ni mwanajeshi, na yuko vitani mashariki mwa Kongo. Hupiga simu usiku, mtandao ukipatikana. Juzi alipopiga nilikuwa kwao, tunachambua maharage. Aliuliza kama homa ya mtoto mdogo imepungua. Akauliza kama pesa ya shule imelipwa. Halafu: "Na Mazembe wamefanya nini?" Mkewe hafuati mpira, akanipa simu. Nikamwambia tumefungwa. Akacheka kwa sauti, akasema siku nyingine tutawarudishia, na laini ikakatika. Mwanangu, matokeo yaliyokufanya umnyime mwenzako salamu ndiyo yaliyompa mtu huyu kicheko pale alipo. Mpira ndio huo. Unamkumbusha nyumbani.

Wachezaji wenyewe walilijua hilo. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, Leopards, timu yetu ya taifa, waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia iione vita ya mashariki. Walifungwa 1-0. Ninyi vijana mlilia kwa lile bao. Mimi nililia wimbo wa taifa ulipopigwa.

Kwa hiyo nakuomba, zile pesa unazotenga kwa jezi, tiketi na kubeti (kubeti sikupendi kabisa, unajua), toa sehemu kwa ajili ya nyumba ile. Mshahara wa baba ukichelewa, anayehangaika ni mama na watoto. Mfuko wa unga, gunia la makala ya kupikia (mkaa), daftari za watoto. Mtumie mama yule unite (salio) za simu, maana mumewe mara nyingine hubip tu na yeye hana cha kumpigia. Usipitie kwa mtoto. Mtumie mwenyewe, kwa heshima, na usiyatangaze.

Ukiongea na baba yule, usimwulize yuko wapi wala wako wangapi. Mpe habari za mtaa, msimulie mechi yote tangu filimbi ya kwanza. Na zile picha za askari waliokufa zinazozunguka kwenye WhatsApp, zikikufikia zifute. Wiki mbili zilizopita moja ilimfikia huyu mama, akakaa usiku kucha akiukuza uso ule kwenye simu kuona kama ni wa mumewe. Hakuwa yeye, lakini alikuwa mume wa mtu.

Mechi ijayo kwenye uwanja wetu wa Kamalondo, njoo. Nunua tiketi mbili, umchukue mtoto wao mkubwa. Baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka uwanjani. Na huyo rafiki yako wa Lupopo, mwombe radhi, uje naye. Nitapika bukari (ugali) na sombe (kisamvu) ya kutosha.

Mama yako,
Lubumbashi