Taa mlizotufundisha kufunga nyumbani zinawapofusha wenzetu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kufunga taa za LED nyumbani imenikuta nimeshachelewa. Yote mliyoyaeleza nilikwisha kuyafanya kwa mikono yangu mwaka mmoja kabla, na mengine ambayo hamkuyaeleza niliyafanya nikajuta. Siandiki basi kama mtu anayeogopa bisibisi. Naandika kwa sababu makala iliishia pale pale kazi yenyewe inapoanza.

Mlisema ni kazi ya dakika 20: fungua boneti, chomoa balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi unaowaka, chomeka ya LED, inayowaka kwa chipu, funga. Ni kweli kabisa. Mimi nilitumia 15, pamoja na muda wa kuitafuta klipu iliyoniponyoka ikaangukia nyuma ya betri. Wiki ile nilijiona mfalme. Lami mbele ya boneti ilikuwa nyeupe kama shuka lililofuliwa. Ila kila zikipita gari mbili tatu, dereva wa upande wa pili ananipigia fulu, zile taa kali za kumulika mbali. Mwanzoni nikadhani wananitahadharisha kuna askari mbele. Baadaye nikadhani ni wivu.

Siku moja mdogo wangu aliazima gari, nami nikawa narudi nyumbani kwa miguu, giza limeshaingia. Likanijia gari lenye mwanga wa kuchoma macho. Nikajikinga uso kwa mkono, nikajibanza pembeni bila kuona hata ukingo wa barabara ulipo, huku nikimlaani kimoyomoyo dereva yule asiye na adabu. Lilipofika usawa wangu likasimama, kioo kikashuka: "Kaka, panda twende." Nikamwuliza kwa ukali kwa nini anaendesha na fulu mbele ya watu. Akanionyesha dashibodi bila kusema neno. Ile alama ya buluu ya fulu haikuwaka. Alikuwa kwenye dimu, taa ya chini ya kupishana na wengine.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi si niliyechomwa peke yangu. Wale wote walionipigia fulu walichomwa kabla yangu, wakiwa kwenye mwendo kasi.

Usiku uliofuata nikafanya jambo ambalo makala yenu ingepaswa kuanza nalo. Nikarudisha balbu ya halojeni taa ya kushoto, nikaiacha ya LED kulia, nikaegesha gari mahali pa tambarare, mita 10 kutoka kwenye ukuta. Nikawasha dimu na kufunika taa moja moja kwa kipande cha boksi. Upande wa halojeni ukutani palikuwa na mstari: juu yake giza, chini yake mwanga, na upande wa ukingo wa barabara mstari unapanda kidogo ili kumulika watembea kwa miguu na vibao. Nilipofunika ule nikaacha wa LED, mstari haukuwepo. Palikuwa na doa kubwa lililomwagika hadi juu ya kimo cha macho yangu, na madoa mawili makali mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mwanga kabisa.

Sababu yake haina uchawi. Gari langu linatumia balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili ndani, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe kile ndicho kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya kiakisi, yaani bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, kwa kuwa mwanga unaopiga pale hutupwa juu, machoni mwa anayekuja. Uzi nao umewekwa kwa kipimo cha chini ya milimita, na kiakisi kizima, kila mkunjo wake, kimechongwa kikiutegemea uzi ule uwe pale pale. Hata balbu zenye uzi mmoja, kama H7, zinafuata kanuni hiyo ya mahali.

Balbu ya LED ya kuchomeka haina uzi. Ina kijibao chembamba chenye chipu upande huu na upande huu. Uzi hutoa mwanga kuzunguka pande zote. Chipu hutoa mwanga mwingi kushoto na kulia, na juu na chini hafifu. Tena kijibao hicho lazima kiwe na unene fulani ili kipitishe joto kwenda kwenye feni iliyo nyuma, kwa hiyo chipu haziwezi kukaa mahali uzi ulipokuwa. Niliizungusha ile balbu jioni nzima mpaka chipu zikatazama kushoto na kulia barabara, kama mafundi wanavyoshauri. Doa lilipungua. Mstari haukurudi.

Na weupe ule ulionifanya nijione mfalme? Ulikuwa umejaa mita chache mbele ya bampa. Jicho likizoea mwanga mkali wa karibu, mboni hubana, na vya mbali huzama gizani. Nilikuwa naona kokoto vizuri sana. Ng'ombe aliye mbali barabarani ningemwona nimeshamfikia.

Sina ugomvi na LED. Lexus LS 600h ya 2007 ilitoka kiwandani na dimu ya LED, na Audi R8 ikafuata 2008 ikiwa na taa zote za mbele za LED. Hakuna aliyepofushwa kwa sababu tu ya herufi hizo tatu. Lakini kule taa nzima, chipu, kiakisi, lenzi na mahali pa kutolea joto, ilichorwa kama kitu kimoja. Msomaji wenu ainame atazame kioo cha taa yake. Kama kuna herufi HC, HR au HCR, hiyo H ni halojeni: taa ilipimwa na kukubaliwa ikiwa na balbu ya aina hiyo. Ujerumani, nchi isiyo na mzaha na mambo haya, ilianza kuruhusu baadhi ya balbu za LED za kubadilisha mwaka 2020, lakini ni balbu fulani, kwa magari fulani yaliyoorodheshwa, baada ya kupimwa ndani ya taa za magari hayo. Makala yenu ilisema "inaingia gari lolote". Kuingia inaingia.

Najua mtaniuliza: basi mtu aendelee kuendesha na taa za mshumaa? Hapana, na hapa ndipo fundi wa nyumbani ana kazi ya maana. Kwanza, taa nyingi dhaifu ni kioo kilichofifia tu. Plastiki ile huwa ya njano kwa jua. Isugue kwa msasa wa maji, kuanzia mkali hadi laini kabisa, ing'arishe, kisha ipake kinga ya jua, la sivyo baada ya miezi michache utakuwa unairudia.

Pili, chukua mita upime umeme nyuma ya balbu yenyewe, injini ikiwa inanguruma na taa imewashwa, halafu upime kwenye betri. Kwangu tofauti ilikuwa zaidi ya volti moja. Ilipotelea kwenye nyaya nyembamba, swichi iliyochoka na athi, ule waya unaofungwa kwenye bati la gari, yenye kutu. Halojeni ni nyeti ajabu kwa hilo: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Nilifunga rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, na nyaya nene zinazotoka betri moja kwa moja zikiwa na fyuzi karibu na kichwa cha betri, na athi nikaikwangua mpaka bati likang'aa. Balbu zile zile za zamani zikawa kama mpya, na mstari ukutani uko palepale. Balbu mpya ya halojeni, kama unaihitaji, usiishike kwenye kioo. Mafuta ya vidole huifanya ipate joto doa doa na kufa mapema.

Kama ni urembo, na sina aibu kusema naupenda, weka mkanda au duara la LED kama taa ya mchana, dimu na fulu uziache. Rangi iwe nyeupe. Nyekundu mbele na buluu ya kipolisi zitakuletea maswali usiyo na majibu yake. Umeme wa gari likiwaka hupita volti 14, kwa hiyo mkanda ulioandikwa 12 bila kidhibiti hauchukui muda kuungua. Ule upinzani, kidude kinachokula umeme ili kunyamazisha dashibodi inayolalamika balbu imeungua huwa moto kweli kweli. Mimi niliufunga kwenye plastiki, ukazama humo kama kijiko kwenye siagi. Ufungwe kwenye bati.

Kufungua taa ili urembo ukae ndani ndiko kulikonifundisha adabu. Gundi nyeusi ya kiwandani hulainika kwa joto la nyuzi 80 hadi 100 hivi, nikaiweka taa kwenye oveni dakika 10 (shemeji yenu hajanisamehe mpaka leo kwa ile harufu), nikavuta polepole, kioo kikaachia bila kupasuka. Shida ilikuja kwenye kufunga. Nilitumia silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki, na kwa bidii yangu nikaziba hata vile vitundu viwili vya nyuma nikidhani ni kasoro ya kiwanda. Kumbe ndimo taa inamopumulia. Mvua ya kwanza tu ndani pakawa na umande, na mvuke wa ile siki ukaacha ukungu kwenye kiakisi usiofutika. Ile taa niliitupa nikanunua nzima. Gundi ya kurudishia ni butili, ile laini inayouzwa kama kamba, na vitundu viachwe na vifuniko vyake.

Kila ukigusa taa, ya urembo au ya kazi, rudi ukutani. Kwa magari mengi mstari wa dimu ukiwa mita 10 unatakiwa uwe sentimita 10 hivi chini ya kimo cha katikati ya taa. Baadhi ya magari huandikwa asilimia yake karibu na taa yenyewe. Skrubu za kurekebishia zipo nyuma, mara nyingi za plastiki, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Nimeambatisha picha mbili nilizopiga usiku ule: ukuta wenye halojeni, na ukuta huo huo wenye LED, kamera ikiwa mahali pamoja. Naomba mzichape kwa ukubwa ule ule mliotumia kuchapa lile gari lenu lenye taa za buluu.

Wako,
Msomaji wenu wa siku nyingi