Utafiti uliofanywa kwa watoto wetu ufike kwenye zahanati zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni tabibu katika zahanati ya kijijini mkoani Morogoro. Wengi ninaowahudumia ni watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi wao huletwa kwa homa, mafua na kikohozi.

Chukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu, homa siku ya pili. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana. Namfunua kifua, nahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, naangalia kama mbavu zinabonyea anapovuta hewa. Pumzi 36, kifua kimetulia, ananyonya, hatapiki, anachezea kalamu yangu. Namweleza mama kwamba dalili hizi ni za virusi, na antibaiotiki haiui virusi. Nampa parasetamo, namsisitiza aendelee kumnyonyesha na kumpa maji, namtajia dalili za kumrudisha mtoto mbio. Mama ananitazama kwa unyonge: "Daktari, nimetoka nyumbani alfajiri, ndiyo unanipa panadol tu?"

Simlaumu. Akitoka kwangu anapita duka la dawa, ananunua amoksilini ya maji, anampa mtoto siku mbili, na homa ambayo ingeshuka yenyewe inashuka. Amoksilini ndiyo inayopewa sifa. Iliyobaki anaitunza, atampa mwingine atakapougua.

Lakini tusiwatwishe mzigo huu akina mama na wauza dawa peke yao. Sisi watoa huduma tunaandika antibaiotiki kupita kiasi, na tunaandika kwa hofu. Mtoto namwona mara moja tu. Usiku mvua ikinyesha barabara inakatika, na kituo cha afya kiko mbali. Sina eksirei wala maabara ya kuotesha vimelea. Nikikosea, mtoto anakufa na nitamfahamu kwa jina. Mtu akiwa katika hali hiyo huandika dawa ili apate usingizi.

Kinachoniuma ni kwamba jibu la hofu hii limeshatafutwa na kupatikana hapahapa nchini. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani, Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22, na malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja katika kila kumi; wengine walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja.

Halafu kati ya mwaka 2014 na 2016, Dar es Salaam tena, watafiti walipima kama tabibu anaweza kuwatenganisha watoto wenye virusi na wenye bakteria akiwa na mwongozo kwenye kishikwambi pamoja na vipimo vichache vya kufanyia mezani. Kwa huduma ya kawaida, watoto 95 katika kila 100 waliondoka na antibaiotiki. Kwa mwongozo na vipimo hivyo, 11 hadi 12 tu. Kisha kazi ikahamia vijijini na miji midogo ya Mbeya na Morogoro, katika vituo 40, ikiongozwa na Taasisi ya Afya Ifakara na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) tawi la Mbeya kwa kushirikiana na taasisi za Uswisi. Ripoti ya mwaka 2024 inasema vituo vilivyotumia mwongozo viliandika antibaiotiki kwa asilimia 23 ya watoto wagonjwa, na vile visivyoutumia asilimia 70. Watoto ambao hawakupata nafuu walikuwa takriban sawa pande zote mbili, chini ya wanne katika kila 100. Yaani dawa zilipungua kwa zaidi ya nusu na watoto hawakudhurika. Nakuomba msomaji urudie sentensi hiyo.

Na hakuna dawa mpya iliyogunduliwa hapo. Kilichotumika, mbali na kishikwambi, ni vitu kama oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, au kwenye dole gumba la mguu kama mtoto ni mdogo sana, kikasoma kiwango cha oksijeni katika damu. Mtoto akiwa chini ya asilimia 90 hakuna mjadala, ni rufaa. Kingine ni kipimo cha CRP: tone la damu ya kidole linaonyesha protini ambayo kwa kawaida hupanda sana bakteria wakali wanapouvamia mwili. Ikiwa chini, na mtoto hana dalili za hatari, namwambia mama "hahitaji antibaiotiki" kwa sauti isiyotetemeka. Ikiwa juu, nampa dawa bila kusita. Vipimo hivi vinamlinda pia yule anayeihitaji dawa kwelikweli, maana wapo.

Gharama ya kuendelea na mazoea tuliishaonyeshwa zamani. Mwaka 2001 na 2002, Muhimbili ilifuatilia watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa. Wale waliokutwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi kwenye damu, 43 katika kila 100 walifariki. Waliokuwa na malaria walifariki 20. Waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwayo, yaani haiwaui tena, walikuwa katika hatari zaidi ya kufa. Usugu huo hulelewa na kila dozi isiyo na sababu na kila chupa iliyoachwa nusu, kisha bakteria sugu hupita kwenye maji, mikono na vyoo mpaka kwa mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote.

Chanjo zimetusaidia sana. Za nimonia na za virusi vya rota, tulizoanza kutoa mwaka 2013, zimetuondolea sehemu ya watoto ambao tungewaandikia dawa hizi. Mzazi anayekwepa kliniki ya chanjo anaturudisha nyuma.

Hofu yangu ni kuona utafiti ukifungwa kama mradi: vishikwambi vikaharibika, vitendanishi vya vipimo vikaisha, sisi tukarudi kwenye hofu yetu. Watoto waliotolewa damu kwa ajili ya kazi hii ni wa Kitanzania, na wazazi wao waliridhia wakijua itawafaa wengine. Tunawadai nini zaidi?

Halmashauri zinapoandaa mpango kabambe wa afya wa mwaka ujao, naomba oksimita ya watoto iandikwe kwa kila zahanati, na vitendanishi vya CRP viagizwe Bohari ya Dawa kama tunavyoagiza vipimo vya malaria, siyo vingojewe kwa mfadhili. Wizara ya Afya na TAMISEMI zitupe ratiba ya kuusambaza mwongozo huo nje ya vituo vya utafiti, mkoa kwa mkoa, na ichapishwe ili wananchi waifuatilie. Wajumbe wa kamati za zahanati wanaosoma barua hii, kikao chenu kijacho cha matumizi ya fedha za kituo muulizeni mganga mfawidhi kama oksimita ipo, na kama ipo, ina betri?

Tabibu,
Morogoro