Kompyuta kuukuu zisitupwe jaani

Mhariri,

Ofisini kwetu hapa Chake Chake tumeletewa kompyuta mpya, baada ya Microsoft kusitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, programu iliyokuwa ikiendesha kompyuta zetu, Oktoba 14, 2025. Za zamani zikapakiwa gari la taka, memori na diski zake zikiwa nzima! Niliumia sana. Skuli ngapi zina kompyuta zilizolala kwa kukosa memori moja tu? Nyingine zingetiwa Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, zikaendelea kufanya kazi.

Na vioo vya zile skrini nene vina madini ya risasi. Nyaya zikichomwa kutafuta shaba, moshi tunauvuta sisi na watoto wetu.

Naiomba Serikali ya Mapinduzi itutengee pahala pa kukusanyia kompyuta kuukuu, Unguja na Pemba, na mafundi wa mitaani, wanaojua kipi kizima, washirikishwe tangu mwanzo.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba