Mhariri, theluji ya siku ya kumi na nne msituchapishie

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu, maana kila mwaka ikishafika Oktoba naona mnaanza. Kichwa cha habari kikubwa kabisa, "baridi ya kutisha yaja", chini yake ramani ya Ulaya au ya Marekani imepakwa zambarau kama imemwagiwa wino, halafu maelezo mistari minne basi. Wiki mbili zikipita mvua inanyesha, nyuzi nane, watu wametoka na miavuli, na nyie mko kimya kabisa, ile ramani hamuitaji tena.

Mi sio mtaalamu wa hali ya hewa, niseme mapema. Ni mpenzi wa theluji tu, wa wale ambao Novemba ikiingia simu haitoki mkononi, na sipo peke yangu, tupo wengi, watoto wanaombea shule ifungwe, wenye mahoteli ya kuteleza milimani wanaombea wateja wasifute, wakulima wa ngano ya majira ya baridi wanataka blanketi jeupe lifunike shamba baridi kali isiunguze miche, na watu wa mabwawa wanataka milima ishike theluji iyeyuke taratibu kiangazi. Kwahiyo habari ya theluji siyo porojo. Ndo maana inauma ikiandikwa ovyo.

Hiyo ramani ya zambarau inatoka wapi, tuanzie hapo. Mara nyingi ni modeli, yaani programu ya kompyuta ya kukokotoa hali ya hewa, ya serikali ya Marekani inayoitwa GFS, inaendeshwa mara 4 kwa siku, na kila ikiendeshwa inatoa picha ya hadi siku 16 mbele, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuifungua, haina kificho. Sasa piga hesabu, kwa siku moja ile tarehe ya wiki mbili mbele inapata picha nne, na hizo nne hazifanani! Asubuhi unaona nusu mita ya theluji, mchana imepungua, jioni hakuna kitu, kesho yake imehamia nchi ya jirani. Anayetafuta wasomaji anachagua ile moja yenye zambarau nyingi anaipiga picha anasambaza, nyie mnaidaka. Zile tatu nyingine hakuna anayezisimulia.

Na hii sio kwamba Wamarekani hawajui kazi. Hewa yenyewe ndo ilivyo. Mwaka 1961 kuna mwanasayansi wa chuo cha MIT kule Marekani, Edward Lorenz, alikuwa na modeli yake ndogo kwenye kompyuta, akataka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza namba kama ilivyochapwa kwenye karatasi, 0.506, wakati ndani ya mashine ilikuwa 0.506127. Tofauti ya kijinga kabisa. Mwanzo matokeo yakaenda pamoja na yale ya kwanza, baadae yakaanza kuachana, mwisho hali ya hewa ya huku na ya kule hazina hata undugu. Hakuna anayejua joto na upepo wa kila kona ya dunia saa hii kwa usahihi wa kutosha, kwahiyo kosa dogo la leo linakua tu, na wataalamu wanaweka mpaka wa kutabiri hali ya hewa ya siku moja moja kwenye wiki mbili hivi. Kwa hiyo nyie mnapotuchapishia theluji ya siku ya kumi na nne mnachapisha kitu kilichokaa ukingoni kabisa mwa kinachowezekana kujulikana.

Wataalamu wenyewe wanalijua hilo ndo maana hawategemei hesabu moja. Kile kituo cha Ulaya cha utabiri kilichopo Reading, Uingereza, kinaendesha modeli yake mara 51 kwa pamoja, kila moja inaanza na tofauti ndogo ndogo za makusudi, halafu wanaangalia zinaishia wapi. Kama 45 kati ya hizo zinaleta theluji, hapo unaweza kuanza kutafuta koleo. Kama ni 6, basi ni 6, hiyo ndo habari. Lakini gazeti linachukua moja kati ya zile 6. Idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani yenyewe, NOAA, inasema wazi utabiri wa siku 5 unapatia kama asilimia 90, wa siku 7 kama 80, wa siku 10 na kuendelea ni nusu kwa nusu tu. Namba hizo ningependa kuziona siku moja karibu na ramani yenu, hata kwa maandishi madogo.

Mtasema sasa mbona kuna utabiri wa msimu mzima, wa miezi mitatu, kama siku 14 tu ni shida? Hapa ndo watu wengi wanachanganya, na nadhani hata dawati lenu la habari linachanganya. Utabiri wa msimu haukuambii tarehe. Ni kama mtu akuambie timu fulani ina dalili ya kumaliza ligi nafasi za juu, haimaanishi anajua mechi ya Jumamosi ya tatu itaisha ngapi ngapi. Wanagawa mafungu matatu, baridi kuliko kawaida, kawaida, joto kuliko kawaida, bila kujua lolote kila fungu lina 33 na kitu. Wakiona bahari ya Pasifiki imepoa au imepata joto, yaani La Niña au El Niño, wanasogeza kidogo, fungu moja linapata 40, likipata 50 wameongea kwa kujiamini. Sasa mtaalamu akisema "asilimia 40 baridi kuliko kawaida" maana yake kuna 60 ya kutokuwa hivyo! Ila kwenye kichwa cha habari inakuwa "baridi kali yaja". Ile 60 inaenda wapi jamani?

Na hata zile dalili kubwa zinaweza kukuacha mataani. Msimu wa 2015-16 El Niño ilikuwa kubwa mno, California ilikuwa na kiu ya miaka kadhaa ya ukame, kila mtu akasubiri mvua na theluji, kusini mwa jimbo wakaishia kupata chini ya kawaida. Ikaja 2022-23, La Niña ya tatu mfululizo, matarajio ni ukame uendelee, badala yake dhoruba zikapangana foleni na kituo cha kupimia theluji cha Donner Pass kwenye milima ya Sierra Nevada kikapima zaidi ya mita 19 kwa msimu. Mita kumi na tisa! Nyumba zilizikwa. Msimu huohuo, nchi ileile, bustani ya Central Park ya New York ilipata sentimita 6 hazikufika, ndogo kuliko msimu wowote tangu waanze kuandika mwaka 1869. Nani angechora hiyo kwenye ramani moja Oktoba.

Ila mi napenda zaidi kisa cha New York cha ule msimu wa 2015-16, kwasababu kinafundisha tofauti ya msimu na siku. Desemba 2015 ilikuwa ya joto kuliko Desemba zote kwenye rekodi za mji, na kwa Marekani bara msimu wote ukaja kuwa wa joto kuliko yote iliyotangulia. Aliyetabiri msimu wa joto alipatia kabisa, apewe maua yake. Halafu Januari 23 ikashuka dhoruba moja, Central Park sentimita 70, kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa pale. Msimu mzima ulipata kama sentimita 83, kwahiyo karibu yote ilishuka kwa dhoruba ile moja. Sasa mtoto wa New York ukimuuliza leo anakumbuka nini, atakuambia mwaka wa theluji kubwa, hajui kama ulikuwa mwaka wa joto. Utabiri wa msimu ulikuwa sahihi na mpenzi wa theluji naye alipata theluji yake, na hakuna ubishi kati ya hayo mawili.

Kuna na hii ya stratosfia, tabaka la juu la hewa, ambayo sa hivi imekuwa fasheni. Kule juu, kilomita 30 hivi, majira ya baridi kuna upepo mkali unaoizunguka ncha ya kaskazini, wanauita vorteksi ya ncha. Wakati mwingine hewa ya kule inapata joto ghafla, nyuzi hata 50 kwa siku chache, upepo unavunjika, na wiki kadhaa baadae baridi ya kaskazini inaweza kumwagika kusini. Neno ni "inaweza". Februari 2018 ilivunjika, mwisho wa mwezi hewa ya Siberia ikaingia Ulaya, Uingereza ikasimama na mpaka Roma wakaona theluji. Januari 2019 ikavunjika tena, na wapenzi wa theluji wa Uingereza wakaanza kupongezana mapema. Mwisho wa Januari Chicago ikashuka hadi karibu nyuzi 31 chini ya sifuri, na Uingereza je? Februari 26 bustani ya Kew mjini London ilipima nyuzi 21.2 za joto, rekodi ya msimu wa baridi kwa nchi nzima, watu wakala ice cream. Kwahiyo mkiona habari ya vorteksi imevunjika msikimbilie kuandika nani atafunikwa, subirini kwanza muone baridi inaelekea wapi.

Halafu baridi na theluji ni vitu viwili. Mgandamizo mkubwa wa hewa unaweza kukaa wiki mbili, baridi inauma mpaka mfupa, anga jeupe halina hata wingu, theluji hakuna. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na theluji ni hivyohivyo, lazima unyevu na baridi vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nyuzi 0 unapata theluji, nyuzi 3 unapata matope. Mvua ya milimita 10 ingekuwa theluji ya sentimita 10 hivi, kwahiyo kosa la nyuzi mbili kwenye utabiri, ambalo kwa siku ya kiangazi hata hulisikii, hapa linafuta kila kitu. Hata utabiri wa kesho tu unasumbua, Januari 2015 New York walitangaziwa sentimita 60 mpaka 90, wakafunga hadi treni za chini ya ardhi, mara ya kwanza katika historia yake kufungwa kwa ajili ya theluji, dhoruba ikapita mashariki kidogo, Central Park ikaishia 25. Long Island pembeni hapo wakapata yao zaidi ya 60. Mtabiri mmoja wa New Jersey, Gary Szatkowski, aliomba radhi hadharani kwenye Twitter, na mi nilimuonea huruma kwa kweli, maana kwa ukubwa wa dhoruba ile alikosea padogo sana.

Yule mnyama wa Pennsylvania kule Marekani, groundhog wanamuita, anayetolewa shimoni kila Februari 2 tangu 1887 eti atabiri kama baridi itaendelea, nae anakosea kuliko kupatia, ila hajawahi kuomba radhi.

Sasa ombi langu, Mhariri, na sio kubwa. Mkichapa utabiri wa theluji andikeni umetolewa tarehe ngapi, unahusu siku ya ngapi mbele, na asilimia ngapi, na kama ni picha moja ya modeli moja semeni ni picha moja. Zaidi ya siku 10 msichapishe ramani ya sentimita kabisa, andikeni tu wiki ile inaegemea baridi au joto, inatosha, wapenzi wa theluji tutatumaini hivyohivyo, kutumaini hatuhitaji kudanganywa. Habari za Krismasi nyeupe ziacheni mpaka siku 5 kabla, idara ya hali ya hewa ya Uingereza nayo haisemi kwa uhakika mapema zaidi ya hapo, na kwao wao kinachohitajika ni chembe moja tu ya theluji ionekane ikianguka ndani ya yale masaa 24 ya Desemba 25. Chembe moja, na bado wanasubiri.

Na ikifika Machi rudini nyuma. Wekeni kisanduku, tulisema hivi Oktoba, ikawa hivi. Mtabiri gani alipatia, ramani gani ilikuwa upuuzi, hata kama ni yenu. Mkikosa nafasi ya kisanduku hicho, punguzeni ile safu ya nyota, mi wa Mizani sitalalamika.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mpenzi wa Theluji