Chanjo ya kuku haimkingi sungura

Ndugu Mhariri,

Wafugaji kadhaa wa Unguja na Pemba huwadunga sungura wao chanjo ya mdondo, ugonjwa wa kuku. Ni kazi bure: mdondo haumuuwi sungura, na chanjo yake haimkingi na chochote.

Maradhi makubwa ya virusi ya sungura ni mawili. La kwanza ni la kutoka damu, lililogunduliwa China mwaka 1984. Mnyama hufa ghafla, mara nyingine na damu puani. Aina yake mpya ilionekana Ufaransa mwaka 2010, nayo huua hata watoto wachanga. La pili ni miksomatosi, inayoenezwa na mbu na viroboto, hivyo chandarua juu ya banda husaidia.

Anayeagiza chanjo za maradhi hayo mawili kupitia daktari wa mifugo azingatie baridi: nyuzi 2 hadi 8, tangu dukani, ndani ya boti, mpaka bandani. Chupa isigusane na barafu, izungushie gazeti. Chanjo ya virusi vilivyouliwa ikiganda imeharibika, hata ukiiyeyusha. Sungura anayeharisha au asiyekula asichanjwe. Kinga huchukua kama wiki tatu kujengeka.

Hata hivyo, watoto wanaokufa wiki chache baada ya kuachishwa ziwa, tumbo limevimba na kuharisha, aghlabu wana koksidia, vimelea vya utumbo. Hiyo si virusi, na chanjo hizo haziigusi. Dawa yake ni sakafu ya waya, kinyesi kuondolewa kila siku, kulisha majani yaliyonyauka juani, na dawa ya salfa (sulfonamide) kwa kipimo cha daktari.

Mfugaji, Unguja