Gia ya pili ikikwaruza, usikimbilie klachi

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye magari ya spoti ya zamani kwamba gia ya pili inayokwaruza unaposhuka kutoka ya tatu, ilhali nyingine zinaingia vizuri, mara nyingi haina ugomvi na klachi. Klachi isiyoachia husumbua gia zaidi ya moja, hasa ya kurudi nyuma. Kinachochoka ni ringi ya shaba ya sinkronaiza, ambayo kazi yake ni kusuguana na koni ya gia mpaka mizunguko ya gia na ya shafti yake ilingane kabla gia haijaingia. Giaboksi yangu ilipofunguliwa, mistari myembamba ya ndani ya ringi hiyo ilikuwa imelainika kama kioo, na nilipoibana kwenye koni kwa vidole ilizunguka bila kushika.

Fundi wa awali alibadilisha beringi tu, akairudisha ringi ileile, kisha akajaza oili ya giaboksi ya daraja la GL-5, ambayo baadhi ya aina zake zina viungo vya salfa vinavyoweza kula shaba, badala ya GL-4 iliyotajwa na mtengenezaji. (Nyundo yake sitaizungumzia.) Kabla giaboksi haijafungwa, nafasi kati ya ringi na gia ipimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na kulinganishwa na kipimo cha kitabu cha gari husika.

Msomaji wako