HTLV-1: wajawazito wapimwe, ila wasikabidhiwe kopo la maziwa tu

Ndugu Mhariri,

Katika baadhi ya vijiji vya Waaborijini, wenyeji wa asili, jangwani katikati ya Australia, jirani na Alice Springs, zaidi ya watu wazima 4 kati ya 10 wana kirusi cha HTLV-1. Kiligunduliwa mwaka 1980, kabla ya VVU, na hadi leo hakina chanjo wala tiba ya kukitoa mwilini.

Kirusi hiki hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, kwa hiyo huhama pamoja na chembe hai: katika maziwa ya mama, ngono, damu na sindano za kuchangia. Kipimo cha VVU hakikioni hata kidogo. Kina kipimo chake cha kingamwili, na jibu chanya lazima lithibitishwe kwa kipimo cha pili cha maabara (Western blot au PCR) kabla mtu hajaambiwa lolote. Wengi hawaugui kamwe, lakini kwa walioambukizwa utotoni, karibu 5 kati ya 100 hupata saratani ya damu ukubwani. Wengine hupooza miguu. Huko Australia, wanaougua mara nyingi huharibika mapafu.

Nagasaki, Japani, ilianza mwaka 1987 kuwapima wajawazito na kuwashauri wenye kirusi wasinyonyeshe. Maambukizi kwa watoto wa mama wenye kirusi yalishuka kutoka takriban 20 kati ya 100 hadi 2 au 3. Australia hupima damu ya wachangiaji tangu 1993, ila wajawazito wa jangwani hawajapata huduma hiyo kama jambo la kawaida. Hilo ni kosa, na tunalisema wazi.

Hata hivyo, ushauri wa Nagasaki usinakiliwe kibubusa. Kopo la maziwa penye maji machafu humletea mtoto kuhara kunakoweza kumuua mapema kuliko kirusi. Panapo maji safi, nishati ya kuchemshia na makopo ya maziwa yanayopatikana bila kukatika, mama mwenye kirusi asinyonyeshe. Pasipo hayo, anyonyeshe, lakini asipitishe miezi 6, maana hatari hupanda kadiri muda unavyorefuka. Tarehe ya kuachisha ndiyo huvurugika: matiti hujaa na kuuma, mtoto hukataa chupa, mama humrudisha titini. Mtoto aanze kuzoeshwa kikombe wiki mbili kabla, na muuguzi amtembelee mama siku zile zile. Mwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri anaweza kukamua maziwa, kuyagandisha saa 24 na kuyayeyusha. Chembe zenye kirusi hufa. Friza ndogo ya juu ya friji haifiki baridi hiyo.

Majibu yatolewe kwa lugha ya mama, kama Kiwarlpiri au Kiarrernte, lugha za Waaborijini wa huko, akiwa faraghani.

Kwa matabibu: mwenye HTLV-1 asipewe dawa za steroidi kabla ya kupimwa strongiloidi, minyoo ya utumbo, na kutibiwa kwa dawa ya ivermektini. Kinga yake dhidi ya minyoo hii imedhoofika, na steroidi huifungulia njia ya kuzaana ndani ya mwili na kuenea hadi kwenye mapafu na damu.

Wenu,
Wahudumu wa afya ya jamii